Punda Aliyemng'ata Mfalme Pale Muaither

Mfalme aling'atwa paja na punda saa kumi na moja asubuhi, pale Muaither, mtaa wenye kambi ya walinzi, mbele ya walinzi arobaini.

Najua, kwa sababu mimi ndiye niliyewachora wote wawili.

Ilikuwa 2013. Nilikuwa kidato cha tatu, nimetoka bweni Kenya kuja likizo kwa wazazi, waliofanya kazi Uarabuni. Mama alikuwa nesi. Baba, mzee Nahashon, alikuwa mlinzi wa maonyesho katika hoteli moja ya West Bay: picha za kejeli zilizochapwa London zamani zile makoloni ya Amerika yalipoanza kumgomea mfalme.

"Waliochora hawakufungwa?" nikamuuliza.

"Usiguse kioo," Baba akajibu.

Moja ilinikolea. Mfalme mnene amempanda punda aliyelemewa na ushuru. Punda kageuka, anamng'ata paja.

Kazini kwa Baba nako malalamiko yalikuwa yanatokota. Zamu za saa kumi na mbili, halafu basi la kampuni linawaacha juani saa nzima. Nikaona taifa linanihitaji.

Nikachora yangu: mfalme nikampa kitambi cha bosi wao, Laban. Punda nikamvika sare. Jina sikuweka, mimi si fala. Alfajiri moja nikaibandika kwenye kioo cha basi lao, nikajificha nyuma ya tangi la maji.

"Aki huyu ni Laban mwenyewe!" Henry, mlinzi mwenzake Baba, akapiga kelele. Walicheka hadi wakashikana mabega.

Laban akaja. Akaibandua. Akaigeuza.

Nyuma kulikuwa na mwandiko wa Baba: "Saa 2:00, hali shwari. Saa 3:00, hali shwari."

Nilikuwa nimechana ukurasa wa OB yake, daftari ambalo mlinzi huandika kila saa ya zamu.

Mchana nikaenda ofisini kwa Laban. "Boss, ni mimi nilichora."

"Babako ameshaandika kwamba ni yeye." Akanisukumia karatasi. "Haya, chora."

Nikachora huku amenisimamia begani. Mfalme akatoka gunia la viazi. Punda akatoka mbuzi mgonjwa.

"Mtoto mzuri," Laban akasema kwa upole. "Unamtetea mzee. Nenda nyumbani."

Baba akapewa tiketi ya ndege ya Ijumaa, ya kurudi Kenya.

"Mbona ulikubali?" nikamuuliza akifunga sanduku.

"Mimi watanifukuza tu. Wewe wangekuitia polisi." Akavuta zipu. "Lakini yule punda, kijana wangu. Mbona ulimpa macho yangu?"

Wallahi sikuwa nimekusudia.

Funzo, waheshimiwa: wachoraji wa London walimkejeli mfalme kwa kuhatarisha shingo zao wenyewe. Mimi nilihatarisha ya babangu, na sikumwomba ruhusa.