Hina Kwenye Vidole vya Plasta

Usiku ule sikulala kwa sababu ya vidole vitano vya mtoto wa miezi minne. Sikujua kama vilikuwa vyeusi kwa hina au kwa kukosa damu. Nilijiambia ni hina, na kabla sijamaliza kujiambia nikajiuliza: na kama si hina?

Nilikuwa nimehitimu uuguzi miezi mitatu tu. Katika kliniki yetu ya Eastlands nilipewa kazi ya kuwazungukia majumbani watoto wa mifupa: wenye matege, wenye miguu iliyolegea baada ya ugonjwa wa kupooza, na wale waliozaliwa nyayo zimepinda kwa ndani, ambao sista Mzungu aliwafunga plasta kila Alhamisi. Alikuja Alhamisi tu. Siku nyingine, nadhani, aliamini mifupa yetu imelala.

Kazi yenyewe hata mjinga angeiweza. Unabonyeza ukucha wa kidole kinachochungulia nje ya plasta, unaachilia, unatazama. Wekundu ukirudi upesi, damu inapita. Ukikawia, plasta inabana, na mguu unaobanwa hufa polepole huku mama akiimba. Somo hilo nililipita kwa alama za juu. Kitabu kilikuwa na picha nzuri za kucha. Aliyezichora, ni wazi, hakuwahi kualikwa Idi mtaani Majengo.

Maana Alhamisi ya juma lile mtoto huyo alifungwa plasta asubuhi, na jioni nyanya yake akampaka hina, kwa kuwa kesho yake ilikuwa Idi ya kuchinja na mtoto wa kike haamki Idi bila hina. Jumamosi nilipofika, ua ulikuwa ungali unanukia nyama. Mtoto alilazwa mkekani, mguu mmoja mzito kama mchi wa kinu, na vidole vyake vimekolea wekundu hadi karibu kuwa vyeusi, pamoja na kucha.

“Karibu, daktari,” nyanya aliniambia. Kwake yeye kila aliyevaa nyeupe alikuwa daktari. “Umemwona bibi harusi wangu?”

“Bibi, hizi kucha mmezipaka kwa nini?”

“Kwa nini? Mzungu wenu kamvalisha kiatu cha chokaa, nasi tukakitia urembo. Ama ulitaka tuipake plasta yenyewe?”

Mama wa mtoto, msichana wa rika langu, alicheka akifunika mdomo kwa leso. “Tena plasta hii nzuri, dada. Ile ya kwanza alilia siku tatu. Hii alilia jana tu. Leo kimya. Amezoea.”

Nilibonyeza ukucha. Mwekundu wa hina. Nikaachilia. Mwekundu wa hina. Nikashika vidole: baridi. Nikashika vya mguu wa pili: baridi pia, kwani ilikuwa Julai na watoto wote wa Nairobi walikuwa na vidole vya baridi. Nikaandika kwenye daftari, “Vidole: hina.” Sijapata kuandika upuuzi mkubwa kuliko huo. Kisha nikaaga, na pilau waliyonifungia nikaenda kuila. Hilo nalo sijalisahau.

Nilichoogopa ni hiki. Plasta haikutolewa ila kwa sahihi ya sista. Yeye alishikilia kwamba akina mama wa Majengo huloweka plasta kwa makusudi mtoto akilia, hivyo mtoto aliyekutwa hana plasta alifutwa kwenye orodha, na mguu wake ukabaki ulivyozaliwa. Nikiitoa bure, nimemtia ulemavu kwa mkono wangu. Nisipoitoa, huenda mguu usiwepo wa kunyooshwa.

Jumapili asubuhi nilikwenda mtaa wa Kaloleni kwa dresa mkuu wetu, mkubwa wa wafunga vidonda wa kliniki, mtu aliyejua kila kitu isipokuwa kile ulichomuuliza. Nilimkuta mlangoni akipiga viatu rangi.

“Msomi! Jumapili yote hii, nani amekufa?”

“Bado, mzee. Ni yule mtoto wa Majengo. Naogopa plasta inabana.”

“Ulibonyeza?”

“Nilibonyeza. Kuna hina.”

“Basi andika hina.”

“Nimeandika.”

“Basi kazi imekwisha. Sista atakuja Alhamisi.”

“Na kama mguu hautasubiri Alhamisi?”

Alitema mate kwenye kiatu, akasugua. “Miaka ishirini nimefanya kazi hii, binti. Sijaona mguu ukimshtaki mtu. Kinachoshtaki ni sahihi.”

Alisugua mpaka akajiona kwenye ngozi, na alichokiona kilimpendeza. Nilimdharau kwa moyo wangu wote. Kisha, nikiwa bado nimesimama pale, nikatambua kwamba sina haki hiyo. Tofauti yetu ilikuwa viatu tu. Mimi pia nilikuwa nimeandika hina, nikala pilau.

Njiani neno la yule mama likanirudia. Amezoea. Mtoto wa miezi minne hazoei maumivu kwa siku moja. Kulia kwake Ijumaa kulikuwa habari, na kunyamaza kwake Jumamosi habari mbaya zaidi, ya mguu unaokufa ganzi, na mimi nilikuwa nimeinama nikitafuta rangi. Nikashika njia ya Majengo, mbio.

“Bibi, nipe beseni, maji ya uvuguvugu na siki.”

“Siki? Umekuja kupika, daktari?”

“Nimekuja kuitoa plasta.”

Mama alimkumbatia mtoto. “Si ulituambia ikitoka tunafutwa?”

“Wewe huitoi. Naitoa mimi.”

Nilimlaza mtoto mapajani, nikavivuta vidole vyake juu, jambo ambalo lingemfanya mtoto yeyote alie. Huyu alitazama mabati ya paa, bila kulia. Basi nikafungua daftari, nikakata neno hina, nikaandika kwamba plasta nimeitoa mimi, na nikatia sahihi yangu ya miezi mitatu. Nilitia sahihi kwanza, kabla ya maji, kwa kuwa nilijijua.

Nikautumbukiza mguu kwenye siki. Chokaa ilipolainika nikatafuta ncha ya bendeji kwa kisu cha nyanya, nikaishika, nikavuta, mzunguko baada ya mzunguko, maji yakawa meupe kama tui. Mtoto alikuwa kimya. Nikavuta haraka zaidi.

Mzunguko wa mwisho ulipotoka, ulipita muda, kisha mtoto akalia kwa sauti iliyowaleta majirani mlangoni. Mama alinyoosha mikono ambembeleze. Nikamwambia amwache alie.