Damu Changa na Dawa Iliyomwagwa

Mwezi wa Rajabu, mwaka 1951, siku ya Alhamisi, nilijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Alizikwa siku hiyo hiyo, nami sikuweza hata kuinuka kitandani kumwona akichukuliwa. Naandika haya kwa wanawake wenzangu wanaoumwa safura, kwa sababu mimi nilipona.

Kabla ya hapo nilikuwa mtu wa shamba. Mimi na mume wangu Omari tulikaa Pangani, hii ya Kibaha. Tulilima muhogo, na mvua ikikubali tulilima mpunga bondeni Ruvu. Nilisoma madrasa na miaka michache ya shule, basi. Lakini nguvu nilikuwa nazo. Omari akiona mzigo wangu wa kuni alinitania, "Mke wangu, mwachie na punda kazi."

Mimba ilipokua, nguvu zikaniacha. Nikipanda kutoka kisimani moyo ulidunda mpaka nausikia masikioni. Kucha zilipauka, zikabonyea katikati. Miguu ilivimba, ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Tena nikashikwa na hamu ya udongo. Nilibandua ukuta wa jikoni, nikala.

Kwetu mimba ya kwanza mwanamke huenda kuizalia kwao. Mama yangu alikuwa amekwisha kufariki, kwa hiyo Omari alinipeleka Kisarawe kwa dada yangu Mwanahawa, ndiye aliyenilea. Aliponiona alishika mdomo, halafu akacheka ili nisiogope.

"We Zuhura, nasikia umekula nyumba ya shemeji yangu. Hapa kwangu ukigusa ukuta nitakuchapa."

Omari akanipandisha lori mpaka hospitali mjini. Daktari alinivuta kope la chini, akatazama. Wakanichoma kidole, damu ikatoka kama maji ya kuoshea nyama. Baadaye daktari alituita mimi na Omari, akatueleza taratibu, maana nilimwomba anieleze.

"Damu hutengenezwa ndani ya mifupa," alisema. "Chembe zake zikitoka zikiwa bado changa, zinakuwa na alama ndani. Tukitia rangi ya buluu tunaziona kwenye darubini, kama vijiuzi. Wewe damu imepungua sana, lakini chembe changa ni chache. Maana yake mifupa inataka kazi, haina vifaa. Minyoo imekunyonya chuma chote."

Alinipa dawa ya minyoo, na chupa ya dawa ya chuma ya kunywa kila siku. "Mrudi baada ya juma moja. Damu haitakuwa imejaa bado. Lakini chembe changa zitakuwa zimeongezeka, na hapo tutajua dawa imefika."

Mwenye dirisha la dawa alitukabidhi chupa, akaita mwingine. Hakutuambia neno zaidi.

Omari alinirudisha kwa dada, naye akarudi Pangani. Dawa ile ilikuwa kama kulamba jembe. Nilikunywa. Kufikia choo cha nje sikuweza, kwa hiyo nilijisaidia kwenye ndoo, na dada ndiye aliyemwaga. Siku mbili za mwanzo choo changu kilikuwa cheusi, cheusi kama masizi. Dada alitazama ndani ya ndoo, akatoka nayo haraka.

Tangu siku ya pili yake akawa ananiletea dawa kwenye kikombe, nyekundu, chachu, ina sukari.

"Nimeichanganya na rosela," alisema. "Ikushukie vizuri. Rosela nayo ni damu, si unaiona rangi yake?"

Nikamshukuru. Nilimwambia, "Dada, Mungu akulipe." Nikanywa mpaka tone la mwisho, kila siku, mbele yake.

Juma likaisha, Omari akaja kunichukua. Nikaona amekaa na dada nyuma ya nyumba wakizungumza chini chini. Nilidhani wanazungumzia ugonjwa wangu, wasinitishe.

Hospitalini wakanichoma tena. Daktari alirudi uso umemkunjamana. "Chembe changa hazikuongezeka. Bibi, dawa hunywi."

"Nakunywa, bwana daktari."

"Kipimo hakisemi hivyo. Kama unakunywa, basi mifupa yako ina ugonjwa mwingine mbaya zaidi. Niambie kweli, nisije nikatafuta ugonjwa usiokuwepo."

"Wallahi nakunywa."

Nilimgeukia Omari anisemee. Alikuwa akiizungusha kofia yake mikononi. Nesi aliyekuwa pale alinitazama kama mtu anayemtazama mwongo, nami nikalia kwa aibu.

Nikalazwa. Nesi akaninywesha dawa kwa mkono wake, akanisubiri nimeze. Ilikuwa ile ile ya ladha ya jembe, bila uchachu. Baada ya siku mbili choo kikawa cheusi tena. Niliogopa, nikamwita.

"Hiyo ni chuma tu," alisema. "Kila anayeinywa hupata hivyo. Kwani kwenu hukupata?"

Nilipata siku mbili tu. Halafu kikarudi rangi yake. Nikalala nikifikiri rosela, na nilipomaliza kufikiri nilijua kikombe kile hakikuwa na dawa.

Uchungu ulinishika Alhamisi ile. Nimekwisha kusema kilichotokea.

Siku chache baadaye walinichoma kidole tena. Daktari alikuja mbio mbio amefurahi, akasema kwa sauti wodi nzima isikie, "Watoto wa damu wamezaliwa kwa wingi!" Kisha akakumbuka anasema na nani, akanigusa bega. "Utapona, bibi," alisema polepole. Nilimwuliza kama mtoto angeishi lau ningekunywa dawa tangu mwanzo. Alisema hajui, na hakuna mtu anayeweza kujua. Namshukuru kwa kutonidanganya.

Dada alikuja saa ya kutazama wagonjwa, na chupa ya rosela kwenye kikapu.

"Dawa uliimwaga," nilimwambia.

Alikaa chini sakafuni. "Nilikuona unaoza, Zuhura. Mama alipokuwa anakufa alitoa choo kama kile. Ningekunywesha kitu kinachokuozesha?"

"Ungeniambia."

"Ungekataa. Wewe ukiambiwa na mtu wa hospitali, basi."

"Kwa hiyo uliniambia umechanganya."

Alilia, nami nikamwacha alie. Sisemi aliniulia mtoto. Aliogopa, na woga wake ulikuwa na sababu. Lakini kila siku alinitazama nikinywa na kumshukuru.

Omari nilimwuliza siku ya kutoka, tukisubiri lori. Alikiri kwamba dada alimwambia habari ya dawa asubuhi ile ya kipimo.

"Kwa nini hukusema mbele ya daktari?"

"Ningemwaibishaje shemeji?"

"Ukaona bora niaibike mimi."

Alinyanyua mzigo wangu, akapanda nao lorini. Bado tunaishi pamoja. Ni mtu mwema kwa mambo mengi, lakini neno lile halijanitoka moyoni.

Niliendelea na dawa miezi kadhaa. Kucha zikanyooka, hamu ya udongo ikaisha, na leo nabeba maji bila kupumzika njiani. Namshukuru Mungu, na yule nesi aliyenisubiri nimeze. Wenzangu, damu haiongezwi na kitu kwa kuwa ni chekundu. Mkipewa dawa, ulizeni pale pale itawafanya nini mwilini, na anayewauguza aambiwe pia. Mkipimwa, ulizeni kipimo kinatafuta nini. Na wewe unayeuguza, ukiiogopa dawa, sema. Mgonjwa ana haki ya kujua kilichomo kikombeni mwake.

Mwezi uliopita dada alifanya khitma ya mama, nikaenda Kisarawe. Niliingia ndani wanawake wamejaa, nikasema, "Shikamoo, dada." Akaitikia, akanipa nafasi kando yake. Alinipakulia uji mwenyewe, akanipa kwa mikono miwili. Niliuinua, nikaunusa kabla ya kunywa. Sikukusudia, mkono ulisimama wenyewe. Wanawake waliokuwa karibu hawakuelewa. Dada alielewa. Alitazama chini kwenye mkeka, nami nikaunywa uji wote, nikamrudishia bakuli.