Ndege Mweupe wa Mchikichi Wetu

Hadi nilipokuwa na ndevu na watoto wawili, niliamini kwa moyo wangu wote kwamba kuna ndege anayezaliwa na rangi ya giza kama masizi, na kwamba kila maiti anayoila humwotesha unyoya mmoja mweupe. Mtu mmoja, unyoya mmoja. Akishakula wa kutosha anakuwa mweupe pe, kabakiza weusi kidogo kwenye mabawa, na ule weusi ni nafasi aliyotuwekea sisi tuliobaki. Msinicheke. Mngekulia Buyenzi, mtaa wetu wa Bujumbura, miaka ile ya vita mngeamini makubwa kuliko hayo, na mngeapa.

Kinachonirudisha huko ni harufu. Mke wangu akichemsha chikichi uani, ule mvuke mzito wa mawese unapanda, tamu kidogo, moshi kidogo, unashika kooni, unaingia mpaka kwenye mashuka, na mimi nakuwa mtoto tena, nimesimama miguu peku kwenye kiwanja chetu nikitazama juu.

Kiwanja chetu kilikuwa na mchikichi mmoja. Babu aliupanda enzi za Wabelgiji, na kufikia utoto wangu ulikuwa umekwenda juu kiasi kwamba nilidhani mwezi ukipita huinama. Chini yake Baba alikuwa na gereji. Alikuwa fundi wa magari ambaye angeweza kusikiliza injini ikikohoa kule bandarini akakwambia ni plagi ipi imechoka; angalau mimi ndivyo nilivyowaambia watoto wenzangu.

Mama Eveline alitujia kutoka Buterere, msimu ule kata za kaskazini zilipokuwa zinaungua na watu wakishuka na magodoro kichwani. Yeye hakuwa na godoro. Alikuwa na binti yake Eveline, wa umri wangu, na sufuria. Baba aliwapa chumba cha nyuma kilichokuwa na matairi mabovu. Kodi hakuwa nayo, kwa hiyo wakakubaliana achume chikichi za mti wetu, akamue mawese kwenye pipa, nusu yake, nusu yetu. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, mikono yake imeiva rangi ya machungwa mpaka kwenye viwiko.

Walipofika wao, na ndege alifika. Hiyo ndiyo ilikuwa dhambi yao yote.

Alikuwa mkubwa, mwenye mdomo wa ndoana, rangi ya kahawia iliyochakaa kama koti la askari lililosahaulika kwenye kamba. Hakuna aliyemjua. Jirani alisema ni mwewe, lakini mwewe gani huyu, vifaranga vya Mama vilipita chini ya makucha yake wala hakugeuza shingo. Baba alishikilia ni furukombe aliyepotea njia kutoka ziwani. Lakini furukombe ana kelele, akilia ziwa zima la Tanganyika linajua. Huyu alikaa kimya juu ya makuti siku nzima, akitutazama.

Na siku zile swali lilikuwa moja tu kwa kila kiumbe: anakula nini? Watu walikuwa wameacha kula ndagala, dagaa wetu wa ziwani, kwa sababu ya kilichosemwa kuwa ndagala wamekula. Mbwa waliorudi wamenenepa walipigwa mawe. Karitiye nzima, mtaa wote, ilikuwa inakagua midomo ya wanyama.

Aliyetuletea uchunguzi wa kitaalamu alikuwa Sadiki, mwenye bucha kona ya mtaa wetu, mtu ambaye tumbo lake lilifika kwenye mazungumzo kabla yake. Ndiye pia alikuwa mkubwa wa wanaume waliolinda milango yetu usiku, kwa hiyo akizungumza hakuna aliyekohoa.

"Mi najua nyama," alisema, "na nyama inanijua. Tumuulize huyu ndege na nyama."

Akatundika pande la ini kwenye msumari juu ya ukuta wetu. Tulikaa tunangoja, wakubwa kwa wadogo, kama watu wa harusi. Mwewe wa mtaani walikuja wakipiga mbizi, Sadiki akawafukuza kwa kofia yake. Yule ndege alilitazama ini, akageuka upande wa pili. Kesho yake Sadiki akaleta utumbo. Ndege akafunga macho.

"Mumeona?" Sadiki alisema, na sauti ilikuwa ya mtu aliyemaliza hesabu. "Nyama ya kuchinja anakataa. Imesomewa bismillahi, inamuchoma. Sasa muniambie, ni nyama gani haichinjwe, haisomewe, na iko mingi hapa Bujumbura?"

Mama alinivuta ndani kwa sikio.

Toka hapo ushahidi ulikuja wenyewe, kama nzi. Matone mekundu yalianza kuonekana kwenye bati letu, na siku moja kwenye kanzu ya Baba ya Ijumaa iliyokuwa inakauka kwenye kamba. Mama aliisugua mpaka vidole vikakunjamana. "Damu ya kuku inatoka na maji ya baridi," alisema. "Hii inataka maji ya moto na sabuni mingi, kama mafuta." Alitamka "kama mafuta" kwa mdomo wake mwenyewe, na bado jioni aliwaeleza majirani kwamba ni damu ya mtu, ndiyo maana ni ngumu kutoka.

Lakini kilichotumaliza ni weupe. Miaka ilivyokwenda, kila baada ya masika ndege alikuwa amebadilika. Kwanza kifua kilitoka madoa kama ukuta uliopakwa chokaa na mtu mvivu. Halafu shingo. Halafu kichwa, na ngozi tupu ya kuzunguka macho ikageuka nyekundu, kama mtu aliyeinua uso kutoka kwenye sahani. Mizinga ikilia milimani usiku, asubuhi sisi watoto tulitoka kukagua manyoya, na tuliona mapya. Wallahi tuliyaona. Mtoto akitaka kuona unyoya, anauona.

Watoto walimwita Eveline Mutoto wa Ndege. Hakuna aliyekubali kula naye sahani moja. Alivumilia kuliko ambavyo mimi ningevumilia, mimi ambaye nilikuwa nikilia jirani akichomwa sindano. Mchana mmoja alichoka. Alituita wote tulikokuwa tunacheza, akalala chali chini ya mchikichi, mikono imenyooka, macho wazi.

"Tazameni," alisema. "Mi sasa ni maiti. Aje anikule."

Tulijibana ukutani. Juu, ndege alisogea kwenye makuti. Kitu kikaanguka, kikamgonga Eveline katikati ya paji la uso, to. Alikaa, akakiokota, akacheka kicheko cha mtu aliyeshinda kesi. Ilikuwa chikichi iliyomenywa nusu, na juisi yake nyekundu ilikuwa inamtiririka mpaka puani.

"Ni chikichi," alisema. "Muone. Ni chikichi tu."

Tulikimbia. Milango ya karitiye iligongwa kabla hatujameza mate, na kufikia sala ya alasiri habari ilikuwa imeiva: ndege amemtia mtoto alama ya damu kwenye paji la uso, na mtoto amecheka.

Sadiki alikuja na walinzi wake. Walisimama katikati ya gereji, viatu vyao vikikanyaga spana za Baba. Mama Eveline aliitwa, akaja akijifuta mikono, ile mikono yenye rangi ile.

"We Mama Eveline, huyu ndege umekuja naye?"

"Amekuja kivyake, baba. Anakula chikichi. Mi namuona kila siku. Anaishika na muguu, anaichubua na mudomo, kokwa anatupa."

Walicheka, na sisi watoto tukacheka kwa sababu wakubwa wamecheka.

"Na chui siku hizi anakula muhogo," alisema mmoja.

Sadiki aliinua mkono wakanyamaza. Alikuwa na upole ule wa mtu anayenoa kisu. "Tuache utani. Tuseme ni kweli. Chikichi ni rangi gani?"

"Ni nyekundu, baba."

"Mutu anayekula nyekundu kila siku, miaka yote hii, anageuka mweupe namna gani?"

Mama Eveline alifungua mdomo. Alimtazama ndege, akatutazama sisi, akamtazama binti yake ambaye bado alikuwa na doa kwenye paji. Namkumbuka akitafuta lile jibu kama mtu anayepapasa funguo gizani.

"Mi sijuwe," alisema.

Basi. Ilikwisha hapo. Sadiki alimgeukia Baba. "Fundi, hawa wakiamuka hapa kesho, usiku sisi hatulinde tena mulango wako. Ukisikia watu wanagonga, utafungua mwenyewe."

Kila mtu alijua nani aligonga milango isiyolindwa, na kwamba aliyefungua hakuonekana tena. Baba alikuwa na mke, mama yake mzee, na sisi watoto tuliojaa nyumba kama dagaa kwenye kopo. Aliokota spana, akaifuta, akaifuta tena.

"Mama Eveline," alisema, "hii ni maneno ya watu."

"Mi naelewa, baba."

"Huko Buterere kumetulia kidogo. Nimesikia."

"Ndiyo, baba," alisema, ingawa wote wawili walikuwa hawajasikia kitu kama hicho.

Waliondoka asubuhi. Mabasi ya kwenda upande ule hayakuwepo, wakaenda kwa miguu. Mama yangu alimfungia mchele kwenye kitenge. Pipa lilibaki, lilikuwa zito. Eveline alikuwa amesugua paji lake kwa majivu mpaka limechubuka, na doa bado lilionekana. Hakuniaga, na mimi nilikuwa nyuma ya mlango nikiogopa asinitazame.

Juma halijaisha, muuza mchele mmoja atokaye huko alipita kwetu. Mama alikuwa anachuja mawese ya mwisho kwenye lile pipa, maana chikichi zilikuwa zimeshachumwa na kuziacha zioze ingekuwa hasara. Muuza mchele alisema Mama Eveline alikutwa kwenye mfereji wa mashamba ya mpunga, karibu na ilipokuwa nyumba yake. Mtoto hakukutwa, si mzima si maiti. Alisema hayo akiendelea kupima mchele.

Baba aliinua macho kwenye mti. Ndege alikuwa pale pale. Siku zote zile hakuwa ameondoka, nawaambia mimi niliyekuwa nikimchungulia tangu alfajiri hadi magharibi nikiogopa ataniona. Buterere si karibu, na hakuwa amekwenda Buterere. Baba alimwambia hivyo Sadiki, sauti chini.

"Ameshiba," Sadiki alijibu. "Mutu akishiba anatembea?"

Na wote tuliona ni jibu zuri. Usiku ule mlango wetu ulilindwa vizuri sana, nililala fofofo. Mawese nayo yalitoka mazuri, mekundu, tuliungia maharage mwezi mzima. Mwanamke aliondoka ili ndege aondoke. Ndege alibaki, na masika yaliyofuata akaleta mwenzake, na hakuna mtu aliyesema tena neno juu yake, kama vile kilichotakiwa kilikuwa kimeshapatikana. Hilo nilikuja kulielewa nikiwa mkubwa: hatukuwa tunamwogopa ndege kiasi hicho. Tulikuwa na hofu ya vitu ambavyo hatungeweza kuvifukuza, tukafukuza kilichowezekana.

Lakini weupe sikuuelewa. Hata nilipoacha kumchukia, hata nilipojua Sadiki alikuwa muuza nyama tu, lile swali lake lilinikaa: mtu anayekula nyekundu anageuka mweupe namna gani? Nililibeba mpaka shule ya jioni, nilikorudi kumaliza sekondari nikiwa na watoto wanaosoma mchana. Mwalimu wetu wa biolojia alikuwa dada mdogo, mdogo kuliko viatu vyangu. Siku ya somo la ndege walao nyama alibandika picha ubaoni, na nilipomwona yule ndege, mabawa yake, uso wake mwekundu, nilisimama bila kuombwa. Niliwapa darasa hadithi nzima, na chumvi juu: ini, kanzu, manyoya yaliyohesabiwa. Walicheka mpaka madawati yakalia. Nilipofika kwenye mfereji waliacha kucheka.

Mwalimu alingoja nikae.

"Huyo ni palmiste, tai wa michikichi," alisema. "Samaki na kaa anakula kidogo. Chakula chake kikubwa ni chikichi. Hapo mlipoishi kulikuwa na mchikichi?"

"Ulikuwepo, mwalimu."

"Basi alifuata huo."

"Na weupe?" niliuliza. "Kwa nini alikuwa anageuka mweupe?"

Alinitazama kama anayetafuta ugumu wa swali asiuone.

"Alikuwa anakua," alisema. "Wakiwa wadogo wanakuwa wa kahawia. Wakikua wanakuwa weupe."