Tai wa Nguba na Maswali ya Mume Wangu

Katika nyumba yetu ya Nguba, dirisha la jikoni ndilo pekee linalotazama ziwa. Kwa hiyo mimi ndiye niliyemjua yule tai mla samaki mwenye kichwa cheupe. Mume wangu alijua tu kwamba tilapia wa vizimba vyake majini wanaibwa. Nikianza kumsimulia habari za tai, alikuwa akiongeza sauti ya redio.

Asubuhi moja akaizima. "Mama, ile ndege yako inakuyaka saa ngapi?"

Nusura nimwage chai. Miaka yote ya ndoa hakuwahi kuniuliza ninaona nini dirishani. Nikamwambia anakuja jua likishapanda, kutoka kwenye mkaratusi wa jirani. Kesho yake akauliza tena. Nikamweleza kwamba kuwinda samaki si mchezo, kwamba mwewe humvizia wamnyang'anye, na kwamba siku moja aliibuka na mfuko wa plastiki umemnasa makucha, akahangaika nao mpaka mtini.

"Na kama samaki iko muzito?"

"Inaanguka mu mayi, lakini haiachilie. Inapiga mayi na mabawa yake, polepole, mpaka inafika ku kando."

Nikamwonyesha kwa mikono yangu miwili pale mezani. Akacheka, macho yake kwangu. Wiki ile nilisuka nywele upya, mjue nilivyofurahi.

Jumamosi nilikuwa naosha vyombo tai aliposhuka juu ya tilapia aliyeelea peke yake karibu na vizimba. Akamshika, akainuka kidogo, akavutwa chini. Akaanza kupiga maji kwa mabawa, polepole, vile vile nilivyoonyesha, lakini hakusogea. Nilitoka mbio na kandambili moja mguuni. Nilipofika ufukoni alikuwa ameacha kupiga. Mume wangu alikuwa ndani ya mtumbwi, akivuta kamba ya nailoni. Upande mmoja ilifungwa jiwe, upande wa pili ndoana, ndani ya tumbo la yule tilapia.

"Ulinifundisha muzuri, mama," akaniambia, bila ubaya wowote, kama mtu anayeshukuru kwa chakula.

Nilikasirika. Tai nilimlilia, ndiyo, ila nililia zaidi kwa ajili ya asubuhi zile. Nilidhani amenikumbuka mke wake, kumbe alikuwa akinipeleleza mezani pangu, na chai nikimmiminia mimi mwenyewe.

Jumatatu redio ilikuwa kimya tena. Safari hii chai alinimiminia yeye.

"Na ile ingine, bibi yake, inakalaka wapi?"

Mke wa yule tai alikuwa kwenye mkaratusi ule ule. Tangu Jumamosi alikuwa akiita, na hata wakati naulizwa nilikuwa namsikia.

"Sijue," nikasema. Nikanyoosha mkono, nikawasha redio.