Ukuta Uliokula Ugali

Jumamosi iliyopita nilirudi Kaloleni, mtaa wetu wa Nairobi, nikiwa na bisibisi, nyundo na tindo ndani ya mfuko. Kitinda mimba wetu, ambaye ndiye aliyebaki na nyumba miaka hii yote, anahamia mtaa wa Tassia na mkewe, na anayeingia anataka ukuta mtupu. Rafu za mama ilibidi zitoke. Angeweza kuzing'oa mwenyewe, maana ni mwanamume wa mikono miwili mizima, lakini alinipigia simu. "Siz, hizo siwezi gusa kama haupo." Basi nikaenda.

Kama ulilelewa mitaa hii, rafu hizo unazijua. Mbao mbili ndefu juu ya meza, na vitambaa vya kufuma vikining'inia ukingoni. Ya chini ilibeba sufuria, vikombe vya bati na redio. Ya juu ilikuwa ya vyombo vya wageni: thamosi nyekundu, sahani za maua na vikombe sita vya udongo ambavyo sisi hatukuvitia mdomoni hata siku moja. Mama alisema mgeni hula kile ulichojinyima. Kila Jumamosi nilivishusha kimoja kimoja, nikaviosha, nikachovya vitambaa kwenye maji ya unga ili vikikauka visimame wima. Nyumba ilinuka nta nyekundu ya sakafu na mafuta ya taa, na redio haikunyamaza.

Baba, karani wa reli, ndiye aliyezitundika. Mbao alizileta begani kutoka soko la Gikomba. Alitoboa ukuta wa mawe, akachonga vigingi vya mti na kuvipigilia mle ndani ili skrubu ipate pa kuuma. Matundu aliyokosea aliyaziba kwa unga mweupe aliokoroga na maji juu ya kipande cha kadibodi. Mimi ndiye niliyemshikia kadibodi. Ukumbuke unga huo.

Baba alitangulia, mama akamfuata. Nilikuwa na miaka kumi na minne, na chini yangu walikuwepo watatu. Baada ya mazishi kule kwetu Ukambani, habari ikaja kwamba Jumapili wazee watafika kutugawana. Baba mkubwa angechukua wavulana wawili, shangazi amchukue mdogo wangu wa kike, nami nipelekwe kwa binamu fulani nimsaidie kupika. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya. Shosho, bikizee jirani yetu aliyeuza maharagwe mlangoni kwake, aliniita pembeni akaniambia, "Wakija wakute nyumba imesimama. Nyumba iliyosimama haigawanywi."

Nikasugua kila kitu. Jumamosi jioni, nikiogopa kitinda mimba asije akamwaga maji sakafuni pangu palipong'aa, nilinyanyua mtungi wa lita ishirini nikauweka kwenye rafu ya juu. Unajua kilichofuata. Upande mmoja uling'oka pamoja na vigingi na plasta, ukaacha shimo la ukubwa wa bakuli. Maji yalifika mlangoni. Vikombe viwili vya wageni vikavunjika.

Asubuhi nilirudisha rafu nikaiegemeza kwa kipande cha ufagio, lakini shimo lilikuwa linanitazama. Ndipo nikakumbuka unga wa baba. Kwa akili yangu, unga mweupe ulikuwa mmoja tu duniani, na ulikuwa ule uliosimamisha vitambaa. Nikasonga wote uliobaki, ugali mgumu kweli, nikaukandika shimoni kwa mwiko uleule, nikalainisha kwa kiganja chenye maji.

"Na sisi tutakula nini?" mdogo wangu akauliza.

"Lete chaki," nikamwambia.

Nikapaka chaki juu. Ulipendeza.

Wazee walifika baada ya kanisa. Niliwapa chai katika vikombe vya wageni vilivyobaki. Baba mkubwa, dereva wa lori mwenye mgongo uliochoka, alisimama kuzungumza, na kama kawaida ya watu wa mgongo, akaegemea ukuta kwa kiganja. Akakihamisha kiganja, akakirudisha palepale.

"Huu ukuta una homa?"

Akadonoa kwa kidole, kidole kikazama. Akanusa. Akaonja.

"Ni ugali," akasema.

"Ni chakula yetu," kitinda mimba akamjibu.

Shangazi alicheka mpaka akashika mbavu, na kicheko kikageuka kilio bila kubadilisha sauti. Shosho, mlangoni, akasema, "Mnalisha ukuta na nyinyi mnalala njaa."

Baba mkubwa alifunua sufuria akaona ni tupu. "Umefanya hivi kwa nini?"

"Ili msitugawe."

Baba mkubwa alivua koti, akaomba kisu, akaukwangua ugali wote, kuku wa shosho wakala. Akaenda kwa fundi wa mstari wa pili wa nyumba, akarudi na saruji na mchanga ndani ya karai la kuazima. Akanifundisha kuchimba mpaka nikutane na kigumu, kufagia vumbi, kisha kumwagia maji. "Ukuta hunywa kwanza, ndipo hula," alisema. Tulipomaliza alinawa, akavaa koti. "Kaeni mpaka muhula uishe. Halafu tutaona."

Muhula uliisha, hakuja mtu. Mimi niliacha shule, nikaenda kuuza soksi za mitumba Gikomba, naye kila lori lake lilipopita Nairobi alitushushia gunia la mahindi. Hatukugawanywa.

Jumamosi iliyopita skrubu za baba zilitoka kwa kunung'unika. Vigingi vilikuwa vikavu, vyepesi kama biskuti. Nyuma ya mbao kulikuwa na rangi ya kijani niliyokuwa nimeisahau, na kiraka cha baba mkubwa chenye mistari ya vidole vyake. Yeye pia ametangulia, na shosho. Nikafagia matundu, nikayamwagia maji. Ukuta ukanywa, ukatoa ile harufu ya mvua ya kwanza.

"Siz, leo hatuupikii?" ndugu yangu akauliza, akikoroga saruji.

"Umeshiba."

Kule Tassia mwenye nyumba haruhusu msumari hata mmoja, kwa hiyo mbao zitalala chini ya kitanda. Vyombo vya wageni siku hizi havipo. Mgeni hupiga simu kwanza, na akija hupewa soda. Katika vile vikombe kimebaki kimoja, nami ndiye niliyepewa, kimefungwa kwenye kitambaa.

Siku ya pili tulipiga msasa, tukapaka rangi. Ilipokauka, hungejua kama paliwahi kutundikwa kitu pale. Ndivyo kazi nzuri inavyokuwa, ndivyo nilivyofundishwa. Ndugu yangu alikuwa ameshashika funguo nilipomwambia asubiri. Nikaweka kiganja ukutani, palepale alipoegemea baba mkubwa.

Ulikuwa baridi.