Kompyuta Ambayo Mizani Haikuiona

Ilikuwa mwaka wa ishirini na tisa wa Heisei, kama Wajapani wanavyohesabu miaka ya mfalme wao. Hapana, ulikuwa wa thelathini, maana mwaka wa ishirini na tisa ndio Natsuko alioolewa, na siku ya harusi baba yake alipanda ngazi za ukumbi bila kushika ukuta. Goti lilikuwa bado zima. Basi ni wa thelathini, mwezi wa tano, theluji imeanza kulegea kwenye milima ya Oze na wapagazi wanakagua kamba zao.

Katsuji, huyo baba yake Natsuko, alikuwa mpagazi. Kwa miaka thelathini na mmoja alibeba mgongoni chakula cha nyumba za wageni zilizo ng'ambo ya kinamasi: mchele, bia, vitunguu, mayai, mafuta ya kupikia. Gari haliingii kule. Kuna mbao mbili tu zilizolazwa juu ya tope, zinakwenda na kukata kona mpaka jicho linachoka. Mzigo hufungwa kwenye chanja la mgongoni, boksi juu ya boksi, hadi unampita mtu kichwa, na ukimwangalia mpagazi kwa nyuma huoni mtu, unaona maboksi yenye miguu. Vyepesi hukaa chini, vizito hukaa juu. Anayepanga kinyume huvutwa nyuma kila hatua, na hafiki mbali kabla hajakaa topeni mbele ya watalii wenye kamera.

Na mzigo wa mtu haushikwi. Ukishafungwa ni wa mwenyewe. Hata ukiona kamba imelegea, unamwambia tu, "Kamba yako," kisha unageuza macho. Mwili wake umeshauzoea ule mzigo jinsi ulivyo. Ukihamisha boksi moja umemhamishia miguu. Kuna mtu zamani aligusa mzigo wa mwenzake kwa nia njema kabisa, na mpaka anazeeka hakuna aliyekaa naye meza moja.

Majira yale daktari alivuta maji kwenye goti la kushoto la Katsuji kwa mara ya tatu. Akamwonyesha bomba la sindano limejaa.

"Mzee, hili ni goti, si kisima. Msimu huu uwe wa mwisho."

Natsuko alishamtengenezea chumba kwake mjini Saitama, ghorofa ya tisa. Katsuji aliwahi kulala kule siku nne. Alirudi amenyong'onyea, akasema kule asubuhi mtu huamshwa na lifti. Mkewe, Fusae, alimwona akikaa uani na kofia yake, akitazama upande wa mlima kama mtu anayesubiri kuitwa.

Akaitwa kweli. Bibi Kinu, mwenye nyumba ya wageni ya mwisho kabisa ng'ambo ya kinamasi, alikuwa na miaka themanini na moja na macho yameanza kumtupa. Alitaka mtu wa kuishi pale na kuiangalia nyumba, kuanzia theluji inapoyeyuka mpaka inapoanguka tena, na Fusae akipenda aje awe mpishi. Ila umoja wa wenye nyumba za wageni ulikuwa umebadilisha utaratibu. Kila siku ilitakiwa taarifa kwa kompyuta, yenye hesabu ya wageni, hali ya mbao na dubu walioonekana. Na pale kwenye nyumba ya Bibi Kinu mtandao haushiki. Unashika kwenye bega la kilima, mwendo wa nusu saa ya kupanda.

"Nitumie taarifa siku tatu mfululizo kabla ya tarehe kumi na tano ya mwezi wa sita," Bibi Kinu alimwambia, "na kazi ni yako. Ukishindwa sina ubaya na wewe, Katsuji. Kuna mtu na mkewe wa Tokyo wananisubiri."

Siku ya pili Katsuji akashuka mjini kununua kompyuta mpakato.

Dukani zilikuwa mbili alizozielewa. Moja ya yeni elfu tisini, yenye uzito wa kilo mbili na robo. Nyingine ya laki mbili na nusu, gramu mia saba na arobaini. Muuzaji alianza kumweleza habari za ndani ya mashine, Katsuji akamkatiza kwa upole.

"Kijana wangu, ninaweza kutembea nazo?"

"Kutembea nazo wapi, mzee?"

"Pale kwenye ngazi."

Basi akatia ile nzito kwenye mfuko wake wa mgongoni, akapanda ngazi za duka na kushuka, akapanda na kushuka, mara thelathini, na muuzaji nyuma yake kwa adabu, mikono ameiweka mbele kama anayemfuata mtoto anayejifunza kutembea. Kisha akafanya vilevile na ile nyepesi. Na ile nzito, goti lilianza kusema kwenye mara ya kumi na saba. Na ile nyepesi lilinyamaza mpaka mwisho. Akashusha pumzi, akatoa bahasha.

Bahasha ile ilikuwa ya mashine ya kuondolea theluji mlangoni. Fusae alikuwa ameijaza miaka miwili.

"Baba Natsu," Fusae alisema, akiwa ameishika kompyuta kwa vidole viwili kama samaki anayemtilia shaka. "Wewe unabeba kilo themanini."

"Nabeba."

"Kila siku."

"Isipokuwa Jumatano."

"Na kilo moja na nusu ndiyo imekushinda? Laki moja na elfu sitini, Baba Natsu, ili usibebe kilo moja na nusu! Si ungeacha kunywa bia, upunguze tumbo? Hiyo ni bure."

"Zile themanini nazibeba nikiwa mpagazi, Mama Natsu. Hii nitaibeba nikiwa mzee. Kila siku, kilimani, na goti hili."

Fusae akamtazama. Akaifunika kompyuta kwa kitambaa cha mezani, akaenda kukata figili, na kisu kilisikika mpaka kwa majirani. Chakula alimpakulia kama kawaida, lakini samaki alikuwa upande wa mkia.

Wiki ile nzima, usiku na mchana, Katsuji alijifunza. Vidole vyake vilikuwa vinene kama karoti. Akigonga herufi moja zinakuja mbili, ya tatu inachungulia. Natsuko alimwelekeza kwa simu. Taarifa yake ya kwanza ya majaribio ilisomeka kwamba wageni ni dubu kumi na wanne.

Tarehe kumi na mbili ndiyo siku ya mwisho aliyoweza kuivusha kompyuta ikawahi zile siku tatu. Alfajiri wapagazi walikusanyika kwenye ghala la pale juu barabara inapoishia, ambako kila mzigo hupimwa kabla ya kuondoka, na kilo zikisomwa kila mtu ana neno la kusema. Kogure ndiye aliyekuwa na neno kuliko wote. Katsuji alimfundisha kazi miaka ishirini iliyopita, na tangu hapo Kogure anamlipa kwa utani.

"Hiyo ndiyo bibi harusi? Hebu tumpime!"

Akaiweka kompyuta peke yake kwenye mizani kubwa ya ghala. Wote wakainama. Sindano ilikaa palepale kwenye sifuri.

"Haipo!" Kogure akapiga kelele. "Jamani, mzee katoa laki mbili na nusu kwa kitu ambacho hata mizani haikioni! Mzee Katsuji, una hakika hukuuziwa boksi tupu?"

"Mizani ya vitunguu hiyo," Katsuji akasema. "Itajua nini."

Wakacheka mpaka mwenye ghala akatoka na mswaki mdomoni.

Katsuji akaanza kupanga mzigo wake. Karatasi za chooni chini, kisha bisi na tambi kavu, kisha vitunguu, mayai, mchele, na bia juu kabisa. Kilo sabini na nane. Akafunga kamba kwa lile fundo lake ambalo alifundishwa na baba mkwe wake, na ambalo watu watatu tu walilijua: yeye, Kogure, na Fusae aliyelijua tangu utoto kwenye magoti ya baba yake. Akafunika turubai. Akaingia mkahawani, jirani na ghala, kunywa supu ya tambi za soba, pale ambapo Fusae mwenyewe ndiye mpishi.

Alikula polepole, maana goti lilitaka kupata moto kwanza. Fusae alimwekea bakuli, akatoka nje kumwaga maji. Kogure akaaga kwenda kuvuta sigara. Mmoja alirudi, mwingine akachelewa, au wote walichelewa. Katsuji hakuwa na sababu ya kuangalia. Kisha akaenda, akachuchumaa, akavaa mikanda, akasimama na kilo zake sabini na nane na fimbo yake, akashika mbao.

Mvua ilianza kwenye kinamasi. Maua meupe yalikuwa yamechomoza topeni mamia kwa mamia. Alifika kwenye benchi la pili la kupumzikia, akaegemeza chanja, na hapo ndipo mkono wake wa kulia ulipokumbuka jambo kabla ya kichwa.

Kompyuta aliiweka chini.

Hakuwaza. Mkono wa miaka thelathini na mmoja uliuliza swali moja tu, kipi chepesi kuliko vyote, ukajibu wenyewe. Aliisukuma kati ya karatasi za chooni, chini ya bisi, chini ya vitunguu, chini ya mchele na bia. Kitu chembamba kama sahani kilikuwa kinabeba kilo sabini na nane, na kila hatua ilikuwa inaongeza kishindo.

Kogure alikuwa hatua chache mbele.

"Kogure! Nimeiweka chini!"

Kogure hakugeuka, mwenye mzigo hageuki. "Chepesi hukaa chini. Si ndivyo ulivyonifundisha?"

"Nitafungua hapa."

"Fungua. Mchele wa Bibi Kinu utapikwa na mvua."

Alisema kweli. Huwezi kutandaza chakula cha watu kwenye mbao mbili mvua ikinyesha. Katsuji akabaki na saa mbili za kutembea. Hajawahi kutembea vile. Alikanyaga kama anayepita chumba chenye mtoto aliyelala. Pale mbao zinapodunda alijaribu kujifanya mwepesi, mtu mwenye kilo sabini na nane mgongoni! Aliiona bahasha ya Fusae. Aliiona lifti ya Saitama, milango ikifunguka na kufungika. Goti aliloogopa mwaka mzima hakulisikia kabisa, na hilo alikuja kulishangaa baadaye.

Bibi Kinu alimpokea mlangoni. Katsuji hakusalimia vizuri. Alifungua turubai, akavuta fundo, na Bibi Kinu, ambaye haoni vizuri lakini mikono yake haitulii, akachukua kitu kilichokuwa juu kabisa ya bia, kimefungwa kwa taulo jembamba jeupe, akakiweka rafuni. Katsuji hakukitazama. Alishusha bia, mchele, mayai, vitunguu, bila mpangilio, akafika kwenye karatasi za chooni, akaingiza mikono yote miwili.

Hakuna kitu.

Akazitoa moja moja. Akakaa sakafuni katikati ya karatasi za chooni, mvua inamdondoka puani.

"Katsuji," Bibi Kinu akasema kutoka rafuni, "hiki chakula chako nikuwekee wapi? Mkeo siku hizi anakupa kidogo. Hakina uzito kabisa."

Lile taulo lilikuwa la kuogea, la aina ambayo kila nyumba ya kijiji kile ina kumi. Ndani yake mlikuwa na kompyuta, kavu, haina hata mkwaruzo, na juu ya kompyuta tonge la wali lililozungushiwa mwani.

Alipanda kilimani jioni ile, na kesho yake, na keshokutwa. Taarifa tatu zikafika, na wageni hawakuwa dubu. Kazi ikawa yake, Fusae akahamia jiko la Bibi Kinu, na chumba cha Saitama Natsuko alikifanya cha mtoto wake.

Wageni wengine, wakimwona anapanda nayo, humuuliza kama kweli inafaa bei ile. Katsuji huwapa waishike. Huwaambia mfuniko wake unapinda ukiusukuma, na kwamba kuandika, ile ya elfu tisini ingeandika vilevile. "Ila ingeandikia chini," huongeza, akionyesha kilima kwa kidevu. Fusae mpaka leo hajakubali. Theluji inapoanguka kijijini humpa Katsuji sepetu, akamwambia, "Tumia kompyuta yako." Lakini siku goti linapogoma ni yeye anayeitia kifuani mwa koti lake na kupanda, na mara mbili ameshuka akiitafuta huku ameivaa.

Kuhusu asubuhi ile aliwauliza Fusae na Kogure. Kuupangua mzigo ule mpaka chini na kuupanga tena kama ulivyokuwa, na fundo lilelile, ni kazi ya mtu aliyefundishwa.

"Mimi nishike mzigo wa mtu?" Fusae alisema. "Baba yangu angetoka kaburini."

"Mkono wangu ukatike," Kogure alisema, na akaenda kuvuta sigara.

Kila mwaka njia inapofunguliwa, Katsuji hupanda mpaka ghalani kuwaona wenzake wakipimwa. Fusae huja naye. Katsuji huiweka kompyuta yake kwenye mizani, sindano hukaa kwenye sifuri, watu hucheka. Kisha yeye huwauliza, na hapo wote huinamia sindano kana kwamba safari hii itasogea:

"Hivi jamani, ni nani kati yenu aliyenishushia kilo zangu sabini na nane na kunipandishia tena, bila malipo, mimi nikinywa supu?"