Nywele Zilipoinuka Kabla ya Radi

Nikiwa mutoto bado, nilifundishwa kuogopa nywele zangu mwenyewe. Aliyenifundisha ni tate, mama ya mama yangu, aliyenilea kwenye kilima juu kidogo ya Bunia. Alisema radi ni nyama ya mbinguni, munyama mukali asiye na macho, na kabla ya kuua inapapasa kwanza, inapitisha mukono kichwani polepole kama mama anayetafuta chawa.

"Ukisikia inakupapasa, usikimbie," alisema. "Tupa jembe, chutama, unganisha miguu. Itazani weye ni jiwe."

Siku yenyewe tulikuwa tunapalilia maharagi, tate na mimi, pamoja na jirani yetu Mama Furaha, ambaye mbuzi yake ilikuwa imefungwa kwenye muti wa mukalitusi pembeni ya shamba. Mvua haikuwa bado. Kulikuwa wingu tu, jeusi, limeshuka chini sana, na kimya, kimya kile hata leo nakisikia nikifumba macho, kama vile kilima kizima kimelala na siye tunatembea ndani ya ndoto yake. Kisha nikaona nywele za Mama Furaha. Kitambaa kilikuwa kimemutoka, na nywele zilikuwa zinainuka moja moja, kama majani ndani ya maji. Nikacheka. Nikagusa kichwa changu, na nywele zangu nazo zilikuwa zinatembea-tembea.

"Chini!" tate akapiga kelele. "Tupeni majembe! Weye pia, Mama Furaha!"

"Na mbuzi yangu?"

"Acha mbuzi! Haitakulilia kwenye matanga!"

Mama Furaha akachutama, nasi pia. Sauti siikumbuki, nakumbuka weupe tu, weupe ulioingia mpaka ndani ya meno. Tulipofungua macho, mukalitusi umepasuka katikati, na mbuzi imelala, haina hata jeraha.

Ungezani Mama Furaha angeshukuru. Alimutazama tate, akauliza kwa sauti ya chini: "Weye ulijua namna gani?"

Swali hilo lilishuka kilima mbele yetu. Kwetu wengi wanasema radi inatumwa na mutu, na anayejua itaanguka wapi njo aliyeituma. Hakuna aliyemugusa tate. Hakuna aliyerusha hata jiwe. Lakini kwenye maji ndoo zilisogezwa mbali na ndoo yake, kanisani benchi ilibaki wazi kila upande wake, na kabla maharagi hayajakomaa aliteremka Kasenyi kwa kaka yake, kando ya ziwa, na ni kule alifia.

Miaka ilipita, nikafika sekondari, na siku moja mwalimu wa fizikia akasugua kalamu ya biki kwenye nywele zake, akaisogeza karibu na vipande vya karatasi, vikaruka. Akaandika ubaoni champ électrique, uwanja wa umeme. Wingu lenye chaji, alisema, linavuta chaji ya kinyume kutoka ardhini, inapanda mwilini mpaka kwenye nywele, na nywele zenye chaji ya aina moja zinasukumana, njo maana zinasimama. Wenzangu waliandika, mimi nikalia, mwalimu akazani ninaumwa. Tate alikuwa amejua karibu yote, isipokuwa ile nyama, na hata hapo, sijui, kwa maana huo uwanja nao hauonekani, unasukuma bila mukono. Ni vile watu walivyomusukuma yeye.

Sasa mimi pia ni mama, tunakaa Mudzipela, mutaa wa Bunia, mabati yamebanana, na masomo hayajanitoa woga. Naogopa radi, ndiyo, lakini naogopa zaidi swali la Mama Furaha. Binti yangu nikimufundisha, siku moja ataokoa mutu, na mutu huyo atamutazama. Nikinyamaza, nani atamwambia achutame?

Juzi wingu lilishuka, nikamufundisha kila kitu, haraka haraka, pumzi inanikatika. Akasikiliza, kisha akauliza: "Na nikiwa na watu, mama?"



"Piga kelele," nikamwambia. "Wote wasikie."

Usiku kucha nilitamani kulirudisha neno hilo. Asubuhi nilimusuka nywele, nikamutuma shuleni, na sikulirudisha.